Ahadi ya Gibeoni na Ahadi ya Laikipia

Masomo: Yoshua 9, 2 Samweli 21:1-14, Zaburi 15

 

Leo twataka kusema juu ya jambo tunalolifanya sote karibu kila siku, yaani kutoa neno. Twamwambia mwenye duka, "Nitakulipa mwisho wa mwezi." Twamwambia mjane wa ndugu yetu, "Usiwe na wasiwasi, karo ya mtoto tutaitafuta." Twasimama siku ya harambee na kutaja kiasi, na watu hupiga makofi. Maneno hayo hutoka kinywani kwa wepesi sana, kwa sababu siku ya kuahidi haina gharama. Gharama huja siku nyingine, na mara nyingi huja wakati mfuko ni mtupu na moyo umebadilika.

Zaburi ya 15 yauliza swali zito: ni mtu wa namna gani anayeweza kukaribishwa nyumbani mwa Mungu na kukaa humo? Jibu lake halitaji sadaka kubwa wala nyimbo nzuri. Lataja mambo ya kawaida ya maisha: jinsi mtu anavyosema na jirani yake, jinsi anavyokopesha fedha, na jinsi anavyoshika neno lake. Mwenye zaburi asema kwamba mtu huyo akiisha kuapa hageuki, hata kama kiapo chake kimemletea hasara.

Angalieni neno hilo, hasara. Kutimiza ahadi yenye faida si kazi. Hata mtu asiyemcha Mungu hutimiza ahadi yenye faida. Mungu hulipima neno letu siku linapoanza kutugharimu.

Ili tulione jambo hili vizuri, tutatazama habari mbili. Ya kwanza imo katika Biblia. Ya pili ilitokea hapa nchini Kenya, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Katika habari zote mbili, wenye nguvu walitoa neno kwa watu wasio na nguvu kama zao, na katika zote mbili neno hilo lilikuwa juu ya nchi na uhai.

MKATE WENYE UKUNGU

Habari ya kwanza ni ya Wagibeoni. Wana wa Israeli walikuwa wamevuka Yordani, na miji ya Yeriko na Ai ilikuwa imeanguka. Watu wa Gibeoni waliposikia, waliogopa wakatumia hila. Walivaa nguo kuukuu na viatu vyenye viraka, wakachukua viriba vilivyopasuka na mkate uliokauka na kuota ukungu, wakaenda mpaka kambini Gilgali. Wakamwambia Yoshua kwamba wametoka nchi ya mbali sana, nao wataka mapatano.

Viongozi wa Israeli waliuangalia ule mkate, wakaamini. Biblia yasema wazi kwamba hawakumwuliza Bwana. Yoshua akafanya amani nao, na wakuu wakawaapia. Baada ya siku tatu tu ikajulikana kwamba wale "wageni wa mbali" walikuwa majirani, na miji yao ilikuwa mwendo mfupi kutoka kambini.

Fikirini hasira ya watu siku ile. Mkutano wote uliwanung'unikia wakuu. Na kwa kweli walikuwa na hoja. Wangaliweza kusema: "Tulidanganywa, kwa hiyo kiapo si kiapo." Ni nani kati yetu ambaye asingeikubali hoja hiyo? Lakini wakuu walijibu kwamba wamekwisha kuapa kwa jina la Bwana, Mungu wa Israeli, na kwa sababu hiyo hawawezi kuwagusa. Wagibeoni walipewa kazi ya kukata kuni na kuteka maji, kama adhabu ya hila yao, lakini uhai wao ukahifadhiwa.

Na gharama haikuchelewa. Katika sura ya 10 twasoma kwamba wafalme watano waliungana kuupiga mji wa Gibeoni. Wagibeoni wakatuma ujumbe kwa Yoshua wakiomba msaada. Hapo palikuwa na nafasi nyingine ya kuliepuka neno. Yoshua angaliweza kukaa kimya, adui wakawamaliza wale waliomdanganya, na mikono yake ikabaki safi machoni pa watu. Badala yake alipanda kutoka Gilgali na jeshi lake, wakatembea usiku kucha, wakapigana kwa ajili ya watu waliowadanganya. Siku ile ndiyo siku ambayo Bwana alimsikia Yoshua, jua likasimama. Mara nyingi twahubiri juu ya jua lililosimama, na twasahau kwamba vita vile vilipiganwa kwa ajili ya kushika ahadi.

MAPATANO YA MWAKA WA 1904

Sasa na tuje nchini mwetu. Wasikilizaji wetu wa Narok, Kajiado na Laikipia wanazijua habari hizi kutoka kwa wazee wao, nasi twazisimulia kwa heshima.

Mwisho wa karne ya kumi na tisa Wamaasai walipatwa na taabu nyingi. Sotoka iliwaua ng'ombe wao, ndui ikawaua watu, na njaa ikafuata. Wakati ule ule serikali ya Kiingereza ilikuwa ikijenga reli kutoka Mombasa, nayo ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Serikali ilitaka masetla wa Kizungu wapewe mashamba karibu na reli, katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, mahali ambapo Wamaasai walikuwa wakilisha mifugo yao.

Basi mwezi wa Agosti mwaka wa 1904 yakafanywa mapatano. Upande wa serikali alikuwapo Kamishna Sir Donald Stewart. Upande wa Wamaasai alikuwapo laiboni mkuu Olonana, ambaye Wazungu walimwita Lenana, pamoja na wazee wengine, nao walitia alama zao kwenye karatasi. Wamaasai walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa. Kwa upande wake, serikali iliwapa sehemu mbili: moja kaskazini, Laikipia, na nyingine kusini mwa reli. Iliahidi njia yenye upana wa nusu maili ya kuziunganisha sehemu hizo, ili watu na mifugo wapite. Iliahidi kwamba masetla hawataruhusiwa kuchukua ardhi humo. Tena iliahidi kwamba mapatano hayo yatadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwapo duniani kama taifa.

Wapendwa, hilo ni neno kubwa. Si neno la miaka mitano wala kumi. Wazee wale walirudi nyumbani wakawaambia watu wao wafungashe, wakaiacha nchi nzuri ya Naivasha na Nakuru, kwa kuwa waliliamini neno hilo.

Lilidumu miaka saba tu.

Ile njia ya kuunganisha kaskazini na kusini haikutunzwa kama ilivyoahidiwa. Kisha masetla wakaanza kuitamani Laikipia, maana ni nchi ya malisho mema. Serikali ikasema kwamba ni heri Wamaasai wote wakae mahali pamoja, upande wa kusini, chini ya mkuu mmoja. Mkuu wa Wamaasai wa kaskazini, Ole Gilisho, ambaye karatasi za serikali humwita Legalishu, hakutaka kuhama. Olonana alifariki mwezi wa Machi mwaka wa 1911, na serikali ikatangaza kwamba alipokuwa akifa aliwausia watu wake wahame. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Aprili, yakaandikwa mapatano mapya wakati wa Gavana Sir Percy Girouard, na Ole Gilisho alikuwa miongoni mwa waliotia alama. Ndani yake iliandikwa kwamba Wamaasai wameamua kuondoka Laikipia kwa hiari yao wenyewe.

Uhamisho ulianza mwaka ule ule. Watu wapatao 10,000, na ng'ombe zaidi ya 100,000, pamoja na kondoo na mbuzi wengi mno, walisukumwa kwenda kusini. Walipofika penye milima ya Mau wakapatwa na mvua na baridi kali. Mifugo wakafa, na watu pia wakafa. Ikabidi safari isimamishwe, kisha ikaanza tena mwaka wa 1912, ikamalizika mwaka wa 1913.

Wamaasai hawakushika mikuki. Walikwenda mahakamani. Ole Njogo na wenzake waliishitaki serikali, wakisema kwamba mapatano ya 1904 bado yanasimama. Mwezi wa Mei mwaka wa 1913 Mahakama Kuu ilitoa hukumu yake, na mwezi wa Desemba Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono. Mahakama zilisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba kati ya dola na dola, kama nchi mbili za kigeni, na kwa sababu hiyo mahakama haina uwezo wa kuisikiliza kesi hiyo. Kwa maneno mengine, neno lilikuwa limetolewa, lakini hapakuwa na mahali pa kumshitaki aliyelitoa.

Alikuwapo daktari mmoja wa serikali, Mwingereza, jina lake Norman Leys. Yeye alipoona mambo haya hakunyamaza, bali aliandika barua Uingereza ili watu wayajue. Naye akahamishwa kutoka nchi hii, akapelekwa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Kusema kweli nako kuna gharama yake.

Hatuelezi habari hizi ili kumchochea mtu yeyote juu ya mashamba. Mambo ya ardhi yana mahakama zake na tume zake. Twazieleza kwa sababu zinatuonyesha jinsi neno linavyovunjwa, na Mkristo anapaswa kujua njia hiyo ili asiifuate.

BIDII YA SAULI

Turudi katika Biblia. Wagibeoni waliishi katikati ya Israeli miaka mingi. Kisha akaja mfalme Sauli, naye akawaua. Kitabu cha 2 Samweli sura ya 21 chatuambia sababu: alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa na bidii kwa ajili ya watu wake, Israeli na Yuda. Tusiipite sababu hiyo haraka. Sauli alivunja kiapo ili awafaidi watu wake mwenyewe. Bila shaka walikuwapo waliomsifu kwamba ni mzalendo. Walisema, labda, kwamba kiapo kile kilifanywa zamani na wazee waliodanganywa, na kwamba Israeli sasa wanahitaji nafasi.

Sauli akafa, na mambo yakaonekana kama yamekwisha. Lakini siku za Daudi ikaja njaa ya miaka mitatu, mwaka baada ya mwaka. Daudi alipomwuliza Bwana, akaambiwa kwamba chanzo chake ni damu ya Wagibeoni. Watu walikuwa wamesahau, lakini Shahidi wa kiapo hakusahau. Walioapa walikuwa wameitumia jihi ya jina lake, na jina hilo halizeeki.

Somo hili ni gumu, wala hatutajaribu kulifanya jepesi. Wagibeoni hawakutaka fedha wala dhahabu. Wana na wajukuu saba wa Sauli walitolewa wakauawa, na mama mmoja, Rispa binti Aya, alitandika gunia juu ya mwamba akalinda maiti zao tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Rispa hakuvunja kiapo chochote. Lakini ndivyo ilivyo: mara nyingi anayelipa gharama ya neno lililovunjwa si yule aliyelivunja, bali ni mama na watoto waliobaki nyuma.

Katika sura hiyo hiyo kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Daudi hakumtoa Mefiboshethi, yule kiwete mwana wa Yonathani. Kwa nini? Kwa sababu ya kiapo cha Bwana kilichokuwa kati ya Daudi na Yonathani. Yonathani alikuwa amekwisha kufa zamani, na hakuna ambaye angeweza kumdai Daudi. Hata hivyo Daudi alilishika neno lake kwa marehemu, na kiwete yule akaishi. Basi mlango mmoja wa Biblia watuonyesha kiapo kilichovunjwa kikiua, na kiapo kilichoshikwa kikiokoa.

Hapa nchini vilevile, neno la 1904 halikuzikwa pamoja na walioliandika. Mwaka wa 1962, wazee wa Kimaasai walikwenda London wakati wa mazungumzo ya uhuru, wakaitaja Laikipia. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2004, miaka mia moja baada ya mapatano, Wamaasai waliandamana Nairobi wakiukumbusha ulimwengu juu ya neno lile. Wajukuu wa waliotia alama bado wanaikumbuka siku hiyo.

NENO HUVUNJWAJE?

Basi tumejifunza nini? Kwanza, ni mara chache mtu huvunja neno lake kwa kusema, "Mimi ni mwongo." Huwa anayo sababu nzuri. Sauli alikuwa na bidii kwa watu wake. Serikali ya mwaka wa 1911 ilisema kwamba yataka kuwaunganisha Wamaasai kwa faida yao. Sisi nasi husema, "Hali imebadilika," au "Watoto wangu kwanza," au "Hata yeye si mwaminifu." Kila tunapoona kwamba sababu ya kuliacha neno letu inatuletea faida sisi wenyewe, na hasara inamwangukia mwingine, yafaa tuitilie shaka sababu hiyo.

Pili, wenye nguvu huvunja neno kwa karatasi nyingine. Waliandika kwamba Wamaasai wamehama kwa hiari. Karatasi inaweza kuwa na alama zote zinazotakiwa, na bado isiwe kweli. Mwajiri humwambia kibarua, "Weka sahihi hapa kwamba umelipwa yote," naye kibarua huweka kwa kuwa anahitaji hicho kidogo alichopewa. Ndugu humletea mama mzee karatasi ya shamba, akamwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba. Hati imekamilika, wakili ameridhika. Lakini je, Bwana ameridhika?

Tatu, watu hulivunja neno wanapojua kwamba hawawezi kushitakiwa. Mwaka wa 1913 mahakama ilisema haina uwezo. Ndugu, sehemu kubwa ya ahadi zetu ni za namna hiyo. Hakuna mahakama itakayomsikiliza mtoto aliyeahidiwa kiatu, wala msichana wa kazi aliyeahidiwa kwamba atasomeshwa ushonaji, wala mke aliyeahidiwa mbele ya madhabahu kwamba atapendwa katika afya na katika ugonjwa. Mahali pale ambapo mahakama haina uwezo, ndipo ionekanapo kama twamwamini Mungu kweli.

Mtu anaweza kuuliza: je, kila neno ni lazima litimizwe, hata neno la upumbavu? Swali hili ni la haki. Herode aliapa mbele ya wageni wake, na kwa ajili ya kiapo hicho akamkata kichwa Yohana Mbatizaji. Je, alifanya vema? Hasha. Neno linalotuamuru kutenda dhambi halipaswi kutimizwa, linapaswa kutubiwa. Mtu akiapa kumdhuru jirani, na avunje kiapo chake akamwombe Mungu rehema. Lakini tuangalie tusiuchanganye uovu na hasara. Kiapo cha Herode kilimgharimu mtu mwingine uhai wake. Kiapo cha Yoshua kilimgharimu Yoshua mwenyewe usingizi, nguvu, na sifa mbele ya watu. Neno ambalo shida yake ni kwamba linatuumiza sisi tu, hilo lasimama.

Na kama kweli hatuwezi kulitimiza? Mtu aliahidi kwa moyo safi, kisha akafutwa kazi, au mvua ikakosa. Huyo si mwongo. Lakini asijifiche. Aende kwa yule aliyemwahidi, amtazame usoni, amweleze hali yake, amwombe muda. Anayedaiwa akikuepuka njiani, akazima simu, akawatuma watoto waseme "Baba hayupo," hapo ndipo umaskini unapogeuka kuwa uongo, na watoto hujifunza uongo kutoka kwa baba yao.

NDIYO YETU

Bwana Yesu, katika Mathayo 5, alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo kweli, na siyo yetu iwe siyo kweli, bila kuhitaji viapo vya kuipa nguvu. Mtu anayesema kila mara "Haki ya Mungu" na "Naapa" huonyesha kwamba neno lake tupu haliaminiki.

Uaminifu huu huanza katika mambo madogo. Siku hizi karibu kila mtu ana simu ya mkononi. Husikia mtu akisema, "Niko njiani, nimekaribia kufika," naye bado ameketi nyumbani anakunywa chai. Twacheka, twaliona ni jambo la kawaida. Lakini aliye stendi akingojea jua kali hacheki. Ulimi uliozoea kudanganya juu ya nusu saa hautapata shida kudanganya juu ya nusu ekari.

Nalo kanisa lazima liwe mahali pa neno la kweli. Ahadi za harambee zikiandikwa katika daftari na zisilipwe, fundi wa kanisa hukaa bila mshahara na jengo husimama bila paa. Ni heri kuahidi shilingi mia mbili na kuzileta, kuliko kuahidi elfu kumi ili kupigiwa makofi. Mhubiri 5 yatuonya hivyo hivyo: afadhali mtu asiweke nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa. Na sisi wachungaji, tukimwambia mgonjwa kwamba tutafika Alhamisi, na tufike Alhamisi. Mgonjwa huhesabu siku.

Lakini Biblia haituachi katika maonyo tu. Yatuonyesha pia matunda ya neno lililoshikwa. Katika 1 Mambo ya Nyakati 12 twasoma jina la Ishmaya Mgibeoni, mmoja wa mashujaa wa Daudi. Baada ya uhamisho wa Babeli, Nehemia 7 yahesabu watu 95 wa Gibeoni waliorudi pamoja na Wayahudi. Na Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, kati ya wajenzi alikuwapo Melatia Mgibeoni. Hebu tazameni jambo hili: watu waliokuja na mkate wenye ukungu na uongo vinywani, mamia ya miaka baadaye, wazao wao wanabeba mawe kuujenga mji wa Mungu. Siku ile Gilgali watu waliponung'unika, hakuna aliyejua kwamba kwa kulishika neno lao walikuwa wanawahifadhi wajenzi wa Yerusalemu.

Basi mpendwa msikilizaji, usidhani kwamba ahadi unayoishika kwa taabu inapotea bure. Huenda huyo mtoto wa marehemu ndugu yako, unayemlipia karo huku nyumba yako ikikosa sukari, ndiye atakayeujenga ukuta siku usiyoijua.

Na chanzo cha nguvu hii ni Mungu mwenyewe. Yeye aliahidi, na ahadi yake ilimgharimu. Katika bustani ya Gethsemane Bwana Yesu aliiona gharama, jasho lake likawa kama matone ya damu, na hakugeuka. Ndiyo sababu Mtume Paulo awaambia Wakorintho kwamba ahadi zote za Mungu hupata ndiyo yake ndani ya Kristo. Sisi tunaoishi kwa neno la Mungu lililoshikwa, tutawezaje kuwaacha wengine wakilia kwa sababu ya neno letu lililovunjwa?

Juma hili, kila mmoja wetu na akumbuke neno moja alilolitoa ambalo bado halijatimizwa. Labda ni deni, labda ni kitu ulichoazima, labda ni ahadi kwa mzazi mzee. Usingoje kukumbushwa. Amka, uende ukalitimize. Na kama bado huwezi, nenda ukaseme.

Na tuombe.

Ee Mungu wa kweli, wewe uliye shahidi wa kila neno linalosemwa chini ya jua, twakushukuru kwa sababu hujawahi kuigeuza ahadi yako. Uwafariji wote walioumizwa na maneno ya wenye nguvu. Uwape viongozi wetu moyo wa kuyashika waliyoyasema mbele ya watu. Utie mlinzi penye midomo yetu, tusiahidi kwa kutaka sifa, na ututie nguvu siku ya gharama, tusigeuke. Ututengenezee nyumba ambazo watoto hujifunza kweli, kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.